Upande wa Jua

Gari la polisi la kumchukua askari Mlingoti lilikuwa lifike saa sita mchana, na Mkuu wa hifadhi hakuficha kwamba angefurahi likifika mapema zaidi. Alisimama mlangoni pa ofisi yake, funguo za selo zikining'inia kidoleni, akimweleza mpelelezi kwa mara nyingine tena kwamba kesi hii haina fumbo lolote. Faru ameuawa, pembe imekatwa, nyayo za muuaji ni za askari mmoja tu katika kituo kizima, na askari mwenyewe hajakana. Sasa makao makuu wamemtuma mtu aje kutafuta nini?

"Nimekuja kutazama," alisema mpelelezi. "Nikishaona, nitaondoka."

Jina lake la kazini lilikuwa Bi Taratibu, na hakujipa mwenyewe. Walimpa madereva, waliochoka kusimamisha gari katikati ya njia ili yeye ateremke akatazame dimbwi la maji. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima, wapo waliomwita kwa kumsengenya, naye aliitikia wote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kofia iliyofifia rangi, na alikuwa na tabia moja mbaya sana kwa mabosi: ukimharakisha, ndiyo kwanza anatafuta kiti.

Nyuma ya ofisi, ndama wa faru aliyeuawa alikuwa akilia ndani ya boma la magogo. Faru ana mwili wa lori lakini mtoto wake hulia kwa sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tangu aletwe alikuwa amekataa chupa ya maziwa. Askari walipita mbali na boma lile, wakijifanya wana haraka ya kwenda kwingine.

Mama yake walimwita Shangazi. Alikuwa mkali bila sababu, aliwahi kuukunja mlango wa gari la watalii kama karatasi, na kila mtu kituoni alimpenda huku akimwogopa. Ndiyo maana hasira ya Mkuu ilikuwa ya kweli. Alitaka mtu alipe, na mtu alikuwa tayari yumo selo.

"Amekiri?" aliuliza Bi Taratibu.

"Amenyamaza. Hapa kwetu, kunyamaza ni kukiri."

"Kwetu, kunyamaza ni kunyamaza. Naomba hizo funguo."

Selo yenyewe ilikuwa stoo ya matairi yaliyochakaa. Mlingoti alikuwa ameketi juu ya tairi moja, magoti yakikaribia kidevu, maana kijana yule alikuwa mrefu kweli. Jina hakupewa bure. Kwa sababu ya urefu huo stoo ya kituo haikuwahi kuwa na buti za kumtosha. Alijinunulia mwenyewe, jozi mbili, zenye soli ya alama za pembetatu. Moja huivaa, nyingine huwa imefuliwa na kuanikwa juu ya ukuta ulio nyuma ya nyumba za askari, pamoja na buti za wenzake wote. Soli ile hakuna asiyeijua. Nayo ndiyo iliyokutwa pembeni mwa mzoga.

Bi Taratibu aligeuza tairi jingine akakaa. Alimuuliza kama ametendewa vibaya, akasema hapana. Alimuuliza kama amekula, akasema ndiyo, ingawa sahani ilikuwa mlangoni haijaguswa.

"Buti zile ni zako?"

"Zangu. Andika hivyo."

"Ulizivaa siku ile?"

Kijana alitazama ukuta.

"Jioni ile, bunduki ilipolia, ulikuwa wapi?"

"Kilimani, zamu ya ulinzi. Peke yangu."

"Kilima chenu kiko karibu na bonde lenye mzoga kuliko kituo. Uliusikia mlio?"

Hapo Mlingoti alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sajini aliusikia," alisema.

"Nimekuuliza wewe."

Kijana aliurudia ukuta. Bi Taratibu alimkumbusha, bila kumtisha, kwamba kosa la kuua faru linamaliza ujana wa mtu. Akitoka gerezani atakuwa na mvi, na hakuna atakayemngoja.

"Najua, afande. Sheria hiyo nilifundishwa."

"Na nani?"

"Mjomba."

Mjomba huyo ndiye Sajini wa kituo, aliyeusikia mlio na kutoa taarifa. Habari hii Bi Taratibu aliipata kabla hajafika. Mama yake Mlingoti alifariki akiwa mdogo, na kaka wa marehemu ndiye aliyemchukua, akamlea kwenye nyumba hizi hizi za askari, akamfundisha kusoma nyayo kabla hajajua kusoma vitabu, na mwisho akamwingiza kazini. Tangu kijana afungiwe, Sajini hakuwa amekanyaga selo. Watu walisema ni aibu, na walimwonea huruma.

Bi Taratibu alitoka akafunga mlango. Moyo wake ulikuwa umeingiwa na wasiwasi. Watu waliokosa aliwafahamu vizuri, na watu wasiokosa aliwafahamu pia. Wa kwanza huongea sana, wa pili huapa. Huyu hakufanya hata kimoja.

Aliyepewa kumpeleka bondeni alikuwa koplo mmoja mnene mchangamfu, aliyeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kabla gari halijavuka lango alikuwa ameshasimulia habari za kituo kizima: mpishi amenuna kwa kuwa sufuria zake zote zimechukuliwa kufunikia nyayo, Mkuu halali, na buti zake yeye Redio zinabana kidole gumba. Bi Taratibu alimwacha amwage, kisha akachagua alichokitaka.

"Siku mzoga ulipogunduliwa, na Mlingoti alikuja nanyi?"

Alikuja, alisema Redio. Jioni ile Sajini alikuwa kituoni, akaingia ofisini kwa Mkuu kutoa taarifa ya mlio. Walitafuta gizani wakashindwa, na Mkuu akang'ang'ania waondoke tena kabla ya mapambazuko. Wakampata Shangazi. Askari wengine wakaitwa wafuate nyayo, Mlingoti akiwemo. Njiani kwenda alikuwa akilia waziwazi na kuapa kwamba akimkamata mtu huyo atamng'oa meno. Walipomaliza kupita kwenye zile nyayo, kijana alikuwa bubu.

"Kwa sababu mlikuwa mmezitambua buti zake."

"Hapana, afande. Buti Mkuu alikuja kuzitambua mchana, tuliporudi. Yeye alinyamaza kule kule, kabla mtu hajasema lolote."

Bi Taratibu alimwambia apunguze mwendo.

Mzoga ulikuwa umeshatafunwa na fisi, na harufu yake iliwapokea mbali. Hakukaa hapo. Daktari wa wanyama alikuwa ameshasema lake: risasi moja, nyuma ya sikio, iliyopigwa na mtu anayejua kazi, siku ya kifo ni ile ya mlio, lakini saa hawezi kuiapia. Kilichomleta Bi Taratibu ni njia. Kuanzia bwawani hadi penye mzoga, nyayo zilikuwa zimefunikwa kwa makarai ya kufulia na sufuria za mpishi, kila moja na jiwe juu yake, zikimetameta kwenye vumbi kama duka la vyombo lililotelekezwa porini. Walianza bwawani na kufunua chombo kimoja baada ya kingine.

Shangazi alikuwa ametoka majini akashuka kuelekea kusini, pole pole, akila huku na huku. Buti za pembetatu zilimfuata. Bi Taratibu alipiga magoti penye karai la pili, akapima hatua kwa kijiti. Hatua zilikuwa fupi. Miguu mirefu ya Mlingoti ingepiga hatua mara mbili ya ile. Lakini hili Mkuu angelijibu haraka, tena kwa haki: anayenyemelea mnyama hapigi hatua ndefu. Halafu akaona kwamba ncha ya buti haikuzama vizuri popote, kama vile vidole havikufika mbele. Hili nalo wakili angelipangusa. Aliyaweka akilini yote mawili na kuendelea.

Jambo la tatu hakuliona mara moja. Nyayo za buti hazikukanyaga hata alama moja ya faru. Zilikwenda pembeni, mkono wa kulia, chombo baada ya chombo. Naye Redio, huku akieleza habari za shemeji yake aliyefuga bata, alikuwa akitembea mkono huo huo, buti lake likikaribia kabisa kukanyaga ushahidi.

"Koplo, unanivurugia. Hamia upande wa pili."

Redio alihama. Alikwenda kidogo, akasita, akainama, akarudi nyuma. "Huku sioni kitu, afande," alilalamika. "Jua liko mgongoni. Nyayo zinapotea."

Bi Taratibu aliinuka.

Mwenyewe alifundishwa jambo hili chuoni, zamani, na alikuwa ameliweka kwenye kabati la mambo ya mitihani. Wayo ni shimo dogo tu. Likiwa kati yako na jua, ukingo wake hutupa kivuli upande wako na unaliona. Ukisimama jua likiwa nyuma yako, kivuli hakionekani na ardhi inakuwa tambarare. Alijaribu mwenyewe, kushoto, kisha kulia. Kweli tupu. Asubuhi hii jua lilikuwa mashariki, na mahali pazuri pa kutembea palikuwa magharibi mwa njia, pale pale buti zilipopita.

"Na kama ingekuwa jioni," aliuliza, akijitahidi sauti yake isibadilike, "ungetembea wapi?"

"Kule uliponifukuzia." Redio alicheka. "Wala huwazi, afande. Ni kama kushika kijiko. Miguu inajipeleka."

Hakutaka kufurahi mapema. Mtu anaweza kutembea upande mmoja kwa bahati, au kwa sababu upande wa pili una miiba. Basi alifuata njia chini yote. Karibu na mzoga kulikuwa na kichaka kikubwa, na hapo Shangazi alikuwa amezunguka, akarudi kaskazini kwa kitambo kabla ya kugeuka tena. Mkono wa kulia sasa ungekuwa mashariki. Redio alifunua sufuria ya kwanza ya kipande kile, na buti zilikuwa zimevuka kwenda mkono wa kushoto. Muuaji alizunguka kichaka pamoja na faru, na kote alikopita alibaki magharibi.

Aliyemfuata Shangazi alikuwa askari, au mtu aliyefundishwa na askari. Na alimfuata asubuhi.

"Siku ile asubuhi," alisema Bi Taratibu, "kituoni kulikuwa na nini?"

"Shabaha. Mazoezi ya kulenga. Kila mtu alikuwepo." Redio alianza kutabasamu. "Mlingoti alikosa ubao mpaka tukamwambia aupige kwa kitako cha bunduki. Tulimcheka mpaka chakula cha mchana. Alikuwa nasi muda wote." Tabasamu likamtoka. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Risasi zilikuwa zikilia tangu jua linachomoza, na kwa risasi moja zaidi kutoka bondeni hakuna ambaye angegeuza kichwa.

"Nani alisimamia mazoezi?"

"Mimi."

"Ni kazi ya koplo?"

"Ni kazi ya Sajini. Aliniachia. Alisema anakwenda kuangalia pampu ya maji kwenye bwawa la mbali." Walirudi hadi kituoni bila Redio kuongeza neno, na nakwambia jambo hilo halikuwahi kutokea tangu aajiriwe.

Gari la polisi lilikuwa limeshafika. Mlingoti alikuwa kibarazani, pingu mikononi, polisi wawili kando yake, na Mkuu anamngoja Bi Taratibu kwa karatasi ya kutia sahihi. Bi Taratibu hakuishika. Aliomba kwanza aone picha za mzoga, zile alizopiga Mkuu mwenyewe kwa simu alfajiri ile.

"Ulizipiga jua limeshatoka?"

"Bado kabisa. Si unaona nilitumia mwanga wa simu?"

"Na haya meupe mgongoni mwake?"

"Kinyesi cha tai," alisema Mkuu. Kisha akajisikia alichosema, na mkono wenye simu ukashuka. Aliyekaa hifadhini mwezi mmoja anajua kwamba tai hali usiku. Jua likizama anapanda mtini, na hashuki hata kwa ng'ombe mzima mpaka hewa ipate joto. Kama Shangazi alipigwa risasi jioni, giza likiingia, na picha imepigwa kabla ya jua kutoka, ni tai gani hao waliokula wakashiba wakamchafua mgongo? Shangazi alikuwa amelala amekufa mchana mzima.

Mkuu aliketi. Alikuwa mkali lakini alikuwa mwaminifu, na hayo mawili huwa hayakai pamoja kwa raha. Aliuliza, kwa sauti ya chini, ni nani basi. Bi Taratibu alisema bado hajui, jambo ambalo halikuwa kweli. Alichoomba ni gari lisubiri hadi jioni, na Sajini ampeleke tena bondeni.

"Ana bunduki yake," alisema Mkuu. Jibu alikuwa amelifikia mwenyewe.

"Aje nayo. Nikimnyang'anya atajua, na sitamwona akitembea."

Sajini alikuja bila kusita. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, aliyepigwa pasi mpaka kwenye mikono ya shati, na miguu yake ilikuwa midogo kama ya mwanafunzi. Alimwita Bi Taratibu mwanangu, akamfungulia mlango wa gari, akamwomba radhi kwa vumbi. Kuhusu mpwa wake alisema kifupi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba yeye lazima alikosea mahali. Redio, aliyeshika usukani, alikaza macho barabarani. Walipofika bwawani Bi Taratibu alimwambia abaki garini. Alijua anafanya ujinga.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa magharibi. Alimwomba Sajini amsomee njia kutoka mwanzo, kama anavyowasomea wanafunzi, kwa kuwa yeye ni mtu wa ofisi na macho yake yamechoka. Mzee alikubali. Alianza kwenda kusini, akifunua sufuria kwa ncha ya buti lake, akieleza: hapa alisimama akanusa, hapa alivunja tawi, hapa mguu wa nyuma umekanyaga wayo wa mbele. Alisoma vizuri mno. Mtu angeweza kumsikiliza siku nzima. Na tangu hatua ya kwanza alikuwa ametembea mkono wa kushoto, mashariki, nyayo zikiwa kati yake na jua.

Bi Taratibu alimfuata nyuma mpaka walipofika mbali na gari.

"Mzee, mbona yeye alipita kule, na wewe unapita huku?"

Sajini alitazama miguu yake. Akatazama nyayo za buti, ng'ambo ya njia. Hakuuliza swali limemaanisha nini. Alikuwa ndiye aliyelifundisha somo hilo kwa kila askari wa hifadhi ile, na huwezi kujifanya hulijui somo lako mwenyewe. Bunduki ilikuwa begani. Mkono wake ulipanda ukashika mkanda.

"Upepo," alisema. "Huenda alifuata upepo."

"Alizunguka kichaka akabaki magharibi kote. Upepo hauzunguki kichaka."

"Mlio ulikuwa jioni. Niliusikia mwenyewe."

"Uliusikia peke yako. Aliyekuwa kilimani, karibu kuliko nyote, hakuusikia."

Mkanda ulishuka begani kidogo. Bi Taratibu hakurudi nyuma, si kwa ushujaa, bali kwa sababu hakukuwa na pa kwenda. Alisema alichokuja kusema, taratibu, neno kwa neno.

"Mlingoti aliletwa hapa mzoga ulipogunduliwa, mzee. Alipita njia hii yote akisoma. Alikwenda analia, akarudi hana sauti. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma. Unadhani hakuona ninachokiona mimi? Aliona muuaji alipita asubuhi. Alijua asubuhi ile nani hakuwepo kwenye shabaha. Ana watu kituo kizima wa kumtetea, neno moja tu na yuko nje. Amekataa kulisema."

Sajini aliitazama tena njia ya nyayo.

"Nilimwambia atatoka na mvi," aliendelea Bi Taratibu. "Akaniambia anajua. Kwamba sheria hiyo alifundishwa na mjomba."

Mzee alikaa chini. Alikaa vumbini na suruali yake iliyopigwa pasi, bunduki ikiwa mapajani, na Bi Taratibu aliinama akaichukua kama anavyochukua mtu kisu kwa mtoto. Aliitoa risasi kabla ya kuinuka.

Baadaye, garini, Sajini alieleza mwenyewe bila kuulizwa. Pembe iko kwenye kibanda cha pampu, chini ya sakafu ya mbao. Mnunuzi angekuja Ijumaa. Mwezi ujao alikuwa anastaafu, nyumba aliyoishi maisha yake yote ni ya kituo, na alikuwa ameanza kumwangalia kila faru kama mtu aliyemdhulumu. Buti alizichukua ukutani kwa sababu zilikuwa kubwa na ziliingia juu ya raba zake. Alidai alifikiri watu wataona soli isiyo ya kituo na kusema ni mgeni.

"Na zamu ya kilimani, iliyomwacha Mlingoti peke yake jioni ile, aliipanga nani?" aliuliza Bi Taratibu.

Mzee aligeuzia uso dirishani. Redio, mbele kule, alipangusa uso kwa kiganja, akabadilisha gia.

Kituoni askari walikuwa wamesimama kwa vikundi vikundi, kama watu wa msibani. Mkuu alishuka ngazi. Aliiona bunduki ya Sajini mkononi mwa Bi Taratibu, na hakuhitaji maelezo. Alitoa amri, na polisi mmoja akafungua pingu za Mlingoti akaja nazo. Sajini alinyoosha mikono mwenyewe. Zilifungwa hapo hapo uwanjani, mbele ya watu wote aliowafundisha, na hakuna aliyenong'ona. Ndama nyuma ya ofisi ndiye pekee aliyekuwa akilia.

Mlingoti alisimama kibarazani akisugua vifundo vya mikono. Hakuonekana kama mtu aliyeachiwa. Alitazama yale mambo yakifanyika, kisha akateremka, urefu wake wote ule, akaupita mkono wa Mkuu uliotaka kumpongeza, akampita Bi Taratibu. Polisi mmoja alitaka kumzuia, Bi Taratibu akatikisa kichwa.

Alifika mbele ya mzee na kuinamisha kichwa kama alivyofanya kila siku tangu utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

Sajini alifungua mdomo. Uwanja mzima ulingoja. Aliufunga, akaufungua tena, akageuka na kupanda gari la polisi bila kuitikia.